Risasi Iliyopotea Ilikuwa Inaenda Wapi?

Kuna sentensi ambayo kila Mkenya anayetazama taarifa ya habari ya saa moja ameikariri: "Mtu mmoja amefariki baada ya kupigwa risasi wakati wa maandamano." Isome tena polepole. Mtu yuko, risasi iko, maandamano yako. Aliyepiga hayuko. Kauli ya kutendwa imemfungulia mlango wa nyuma na ametoka nao kimya kimya, bunduki begani.

Kuna nyingine ambayo naona ni mbaya zaidi, ile ya "risasi iliyopotea". Julai 7, 2025, siku ya Saba Saba, msichana wa miaka 12 alikuwa kwao nyumbani Kiambu akitazama runinga. Risasi ikapitia kwenye paa ikamuua. Redio zikasema risasi iliyopotea, na sisi tukasambaza hivyo hivyo kwenye magrupu. Lakini hebu uliza vile mtoto angeuliza: kabla ipotee, ilikuwa inaenda wapi? Kitu hupotea kikiwa safarini. Mbuzi hupotea akielekea malishoni. Huyo aliyefyatua alikuwa anampelekea nani?

Hizi sentensi nazijua vizuri kwa sababu ziliwahi kunilipia nyumba. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nikiwa nasomea isimu na fasihi, na kibarua cha kwanza nilichopata hapa Eldoret kilikuwa cha kutafsiri habari kwa tovuti fulani, malipo kwa neno. Nikiandika "polisi walimpiga risasi", inarudi ikiwa imekuwa "alipigwa risasi". Mhariri hakuwa mtu mbaya, manze. Aliogopa kesi. Alikuwa ananiambia hajabadilisha ukweli, amebadilisha sarufi tu. Na pesa yenyewe haikupungua: neno moja la mtenda likitoka, lingine la "inadaiwa" linaingia.

Ndiyo maana nataka kuongea juu ya Blood Parliament, filamu ya BBC Africa Eye iliyotoka Aprili 2025. Wengi wenu mliiona. Iliongelewa kama siasa kwa wiki mbili hivi. Onyesho lililopangwa katika ukumbi wa Unseen kule Nairobi lilifutwa kwa sababu ya presha ya wakubwa, na siku chache baadaye watengenezaji filamu wanne wakakamatwa, watu ambao BBC yenyewe ilisema hawakuhusika kuitengeneza. Baada ya hapo tukahamia kwa kelele nyingine. Sijaona mtu akiisoma kama kazi ya sanaa, na mimi naona inastahili, kwa sababu ni filamu ambayo kazi yake yote, karibu dakika arobaini, ni kurudisha mtenda kwenye sentensi.

Jinsi inavyofanya hivyo ni rahisi kueleza na ngumu kutekeleza. Wametumia zaidi ya picha na video 5,000 za Juni 25, 2024, siku ambayo vijana waliopinga Mswada wa Fedha waliingia Bungeni. Nyingi ni klipu za simu, zile zile zilizokuwa kwa simu yangu na yako. Sisi tulizitazama kama vipande: mtu anakimbia, mlio, bendera chini, kelele. Wao wamezipanga kwa saa na kwa mahali, hii kamera ilisimama hapa, hii kule, mpaka mlio mmoja unapata sehemu uliyotokea. Polisi anapata sura. Kuna afisa aliyevaa nguo za raia anayesikika akipaza sauti, "Uaa!" Sekunde chache baadaye mwenzake anafyatua, na watu wanaanguka.

Hilo neno limenikaa. Filamu inasimuliwa kwa Kiingereza, kwa mtazamaji aliye London na Nairobi kwa pamoja, na ghafla katikati yake kinaingia Kiswahili cha silabi mbili, kimevutwa mwishoni. Tafsiri inatokea chini ya picha na inatosha. Ila mtazamaji wa huku anasikia kitu ambacho tafsiri haibebi: hii ni lugha ya nyumbani. Ni kitenzi tunachotumia kwa mende na panya. (Na "ua" hilo hilo ndilo tunalompelekea mgonjwa hospitalini, lakini hiyo ni stori ya siku nyingine.) Tena ni amri. Kauli ya amri katika Kiswahili haitaji mtenda, lakini haimfichi pia. Kila anayeisikia anajua "wewe" imo ndani. Kati ya sentensi zote nilizowahi kusikia kuhusu siku ile, kutoka kwa mawaziri, wasemaji na wachambuzi wa runinga, hii ndiyo peke yake iliyokuwa wazi kuhusu nani afanye nini.

Niliitazama mara ya kwanza chumbani kwangu Kapsoya, tuko watu wanne, simu moja, bando la kuchangiana. Tulipofika hapo mmoja wetu akasimamisha video na kusema, "Hawa shida yao ni training. Karao wa Kenya hajui kulenga." Wawili wakakubali hapo hapo.

Nimesikia hoja hiyo mara nyingi tangu siku hiyo, kwa matatu, kwa kinyozi, kwa watu wenye suti, na nadhani inapendwa kwa sababu inamfaa kila mtu. Anayeichukia serikali anapata nafasi ya kuicheka. Serikali yenyewe inapata nafasi ya kuomba bajeti ya mafunzo. Katiba ya 2010 nayo iko upande wao, Ibara ya 244 inataka polisi wafunzwe kwa kiwango cha juu kabisa cha ustadi na uadilifu, na waheshimu haki za binadamu. Sasa rudi kwa filamu. Kuna mwanafunzi wa miaka 27 aliyekuwa akitoka katika eneo la Bunge, akienda zake, na risasi ikaingia kichwani kutoka nyuma. Niambie training ingerekebisha nini hapo. Kwa kipimo cha shabaha peke yake, huyo aliyepiga anapita mtihani. Mwaka uliofuata, Juni 17, 2025, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi ya kichwa katikati ya Nairobi na afisa aliyekuwa karibu naye kiasi cha kupeana chenji. Video iko. Kwa umbali huo hata mimi nisiyewahi kushika bunduki ningepata.

Hapa ndipo filamu nyingine inaponisaidia. Mnakumbuka Nairobi Half Life ya David "Tosh" Gitonga, ya 2012? Mwas, yule kijana wa ushago, anauza DVD za sinema za mapigano na kuwaigizia wateja vipande vyake ili wanunue. Anafika Nairobi na ndoto ya uigizaji, anaibiwa siku ya kwanza, anaishia kwa mbogi ya Oti. Kuna wakati bunduki inaingia kwenye hiyo mbogi, na kinachonivutia kila nikiirudia ni kwamba Mwas anaijua bunduki kabla ya kuigusa. Ameisoma kwenye DVD. Anajua inavyoshikwa, anajua uso wa kuweka, anajua maneno. Asichokijua ni kile DVD hazionyeshi, kwamba baada ya mlio kuna mwili, na mwili una uzito. Polisi wa filamu ile nao hawana shida ya kulenga. Wanakula na majambazi, na hesabu zikiharibika wanawamaliza. Gitonga aliliona hilo miaka kumi na mbili kabla ya klipu za Bunge, na hakutuachia nafasi ya kusema ni bahati mbaya.

Basi sikiliza hii ya Julai 9, 2025, siku mbili tu baada ya yule msichana wa Kiambu. Rais alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, aende hospitali, halafu kortini. Wasimuue, ila mguu uvunjwe. Mimi niliposikia nilimwona Mwas na DVD zake. Risasi ya mguu ni kitu cha sinema. Kwenye sinema starring anapiga mguu, adui anashika goti, anatukana, tunaendelea. Mguu wa mtu anayekimbia ni mwembamba na hautulii, ndiyo maana polisi wa nchi nyingi hufunzwa kulenga kifua wakilazimika kufyatua. Na paja lina mshipa mkubwa wa damu ambao ukikatika mtu anaweza kuisha kwa dakika chache, kabla hata boda haijapatikana. Sheng iliwahi kuita bastola "mguu wa kuku", na angalau huo mguu ulikuwa mzaha ukijijua ni mzaha.

Angalia pia kitenzi. "Apigwe." Mtenda ametoroka tena.

Halafu kuna bunduki yenyewe. Silaha ambayo polisi wetu wamebeba kwa miaka mingi ni G3, ya Kijerumani, iliyoundwa miaka ya 1950 kwa ajili ya vita vya wanajeshi. Risasi yake ni ya milimita 7.62 na inatoka kwa mwendo wa kama mita 800 kwa sekunde. Ukiifyatua Uganda Road saa sita mchana, haitakoma kwa uliyemlenga. Itapita kibanda, itapita matatu, itaingia Oloo Street kutafuta mtu mwingine. Ukiipiga hewani, ile tunayoisifu kama huruma, itashuka mahali, na mahali penyewe pana paa. Kwa hiyo ndiyo, mafunzo yapo ya kuongelea, lakini somo lake la kwanza ni kutoitoa. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linasema bunduki itumike tu pale njia nyingine hazitoshi, onyo litolewe, na tukio liripotiwe. Soma lile jedwali siku moja. Limeandikwa vizuri kuliko hotuba zote nilizosikia mwaka huo, na kila mstari una mtu anayewajibika ndani yake.

Sasa yule rafiki yetu wa nne, ambaye hakusema kitu kuhusu training, alikuwa na lake. Yeye alisema tungekuwa na bunduki sisi pia hakuna mtu angetupiga. Alitaka Marekebisho ya Pili ya Wamarekani, yale ya 1791, yaletwe hapa na tai yake na bendera yake. Najua wengine wenu mnafikiria hivyo, nimeona mkiandika. Sitaki kumcheka. Mtu aliyeona wenzake wakianguka na bendera mkononi ana haki ya kuuliza swali hilo.

Hoja yake nzuri kuliko zote ni Westgate. Septemba 21, 2013, kati ya watu wa kwanza kuingia kutoa waliokwama walikuwa raia wenye bastola za leseni, pamoja na polisi wachache waliovaa kiraia. Waliingia serikali ikiwa bado inajipanga. Dan Reed alitengeneza filamu juu ya siku hiyo, Terror at the Mall ya 2014, ikitumia kamera za jengo lenyewe, na huwezi kuitazama ukasema bastola zile hazikuokoa mtu. Watu 67 waliuawa. Bila wale raia wangekuwa wengi zaidi. Wanajeshi walipofika wakampiga afisa wa polisi wa kikosi maalum, mtu wa upande wao. Nakubali yote hayo.

Lakini leseni ya bastola Kenya ni kitu cha nani? Chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, unaomba, unachunguzwa, unapewa au unanyimwa, na Desemba 2018 wote waliokuwa nazo waliamriwa kwenda kukaguliwa upya. Ni ruhusa, na ruhusa huwafikia wenye mali na wenye jina kwanza. Januari 2020 DJ mmoja alipigwa risasi ya shingo klabuni Nairobi na mbunge mmoja akashtakiwa kwa kujaribu kumuua. Bastola ilikuwa na leseni. Dogo wa Langas anayetaka kujilinda dhidi ya karao si mtu ambaye bodi ya leseni inamfikiria asubuhi ikiamka.

Na kama unataka kuona nchi ambayo kila boma lina bunduki, huhitaji viza ya Marekani. Panda matatu ya Iten, simama pale ukingoni, tazama chini. Bonde la Kerio limejaa AK-47 tangu kabla mimi nizaliwe. Wenye bunduki huko hawaogopwi wakaachwa kwa amani. Wanavamiwa na wenye bunduki wengine, wanalipiza, wanavamiwa tena, na shule zinafungwa. Serikali iliwapa raia bunduki kama polisi wa akiba, ikawanyang'anya mwaka 2019, kisha ikarudi kuwasajili wengine. Februari 2023 ikatuma jeshi na kutoa siku tatu za kusalimisha silaha. Ukimwuliza mama wa kule chini kama bunduki imemfanya raia huru, jiandae kukaa chini, kwa sababu jibu ni refu.

Mimi naona kitu kingine katika filamu ya BBC ambacho rafiki yetu hakukiona. Wale wanaoanguka hawana kitu mkononi. Wana simu, chupa za maji, bendera. Ibara ya 37 inatupa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani na bila silaha. Nikiwa chuo nilidhani hayo maneno mawili ya mwisho ni sharti dogo la kutubana. Sasa nayasoma kama mkataba wa pande mbili. Mimi nimekuja mikono mitupu. Wewe uliyekabidhiwa bunduki kwa kodi yangu una deni kwangu la kila risasi. Nikija na yangu, deni linafutika na tunabaki wawili wenye bunduki, na mmoja wetu ana helikopta. Picha zile zina nguvu kwa sababu mikono ni mitupu. Weka bastola moja tu kwenye mkono wowote kwenye ile fremu, na filamu nzima inakuwa stori ya "makabiliano", neno lingine ambalo mhariri wangu alilipenda sana.

Nimeisifu sana, kwa hiyo niseme inapochoka. Ikishampata mwenye kidole, inapumua kama imefika. Inajua nani alifyatua na inajua nani alipiga kelele "uaa", lakini inapokaribia swali la nani alimtuma afisa wa nguo za raia pale, na bunduki hiyo ilitoka ghala gani, mwendo unapungua na nyuso za wakubwa zinabaki mbali. Naelewa, hao hawajirekodi kwa simu. Lakini matokeo yake ni kwamba afisa wa cheo cha chini anabeba sentensi yote mgongoni. Pia inakaa Nairobi. Siku ile ile huku Eldoret vijana walikuwa barabarani, katika mji ambao Rais anauita nyumbani, na hiyo peke yake ingekuwa filamu.

Tena huku ndiko risasi inakozaliwa. Nje kidogo ya mji huu kuna kiwanda cha Kenya Ordnance Factories Corporation, kilichojengwa miaka ya 1990 na FN Herstal ya Ubelgiji, enzi za Moi. Kinatengeneza risasi za bastola na za bunduki, pamoja na hiyo ya milimita 7.62 ya G3. Wengi wetu tumekua tukikijua kwa jina tu, "kiwanda cha risasi", vile unajua kuna kiwanda cha maziwa. Mwaka 2008 mtafiti James Bevan wa Small Arms Survey alichapisha ripoti kuhusu Turkana Kaskazini, na alichokipata ni kwamba karibu nusu ya risasi zilizokuwa zikizunguka huko kinyume cha sheria zilitoka kwa polisi wa Kenya. Alijuaje? Alisoma maganda. Kila risasi ina alama kwenye kitako, na hizo zilikuwa na herufi KOFC. Hiyo ndiyo mbinu ya Blood Parliament ikifanywa miaka 17 mapema, bila kamera, na mtu aliyeinama kwenye vumbi akiokota shaba.

Filamu ninayoisubiri ingeunganisha hawa wawili, mwenye klipu na mwenye maganda. Na iko hati moja ambayo ingeipa mwanzo mzuri. Kila ghala la silaha la polisi lina daftari la kutoa na kurudisha bunduki. Asubuhi anaandikwa afisa kwa jina na namba, bunduki kwa namba yake, na risasi alizopewa. Jioni zinaandikwa alizorudisha, na anatia sahihi. Hakuna kauli ya kutendwa kwenye hilo daftari. Fulani alichukua ishirini. Fulani alirudisha kumi na saba.